Taarifa Niliyoandika Juu ya Koplo Mwanamvua

Mtu akitaka kuniharibia siku asubuhi na mapema, aniulize habari za Mwanamvua. Na wananiuliza kweli! Mama muuza vitumbua wa Maili Moja ananiuliza. Wapiga debe wa stendi wananiuliza. Jumapili iliyopita natoka kanisani, hata sijafika getini, mzee wa kanisa kanishika mkono: "Afande Lusajo, yule Koplo wa Kisarawe hajambo?" Hajambo! Kwani mimi ndiye daktari wake? Haya, leo nitasema yote, alikotoka na alikonifikisha, halafu mtu asiniulize tena.

Kwanza mnijue mimi. Naitwa Sajenti Lusajo, Mnyakyusa wa Tukuyu, nina miaka hamsini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeimalizia huku Pwani. Doria ya baiskeli ya polisi niliianzisha mimi. Narudia: mimi. Siku hizo pale Maili Moja, Kibaha, vibaka walikuwa wanawasubiri watu wanaoshuka jioni kutoka kazini Dar. Wanakwapua simu, wanakwapua mikoba, wanapotelea vichochoroni. Gari letu haliingii vichochoroni. Pikipiki ukiiwasha tu, kibaka kaisikia akiwa mtaa wa tatu. Nikasema, baiskeli je? Wenzangu walicheka mpaka wakashika matumbo. "Sajenti anataka tuuze maziwa!" Niliandika andiko kurasa tatu, nikazungushwa nalo ofisi hadi ofisi miaka miwili, mpaka wahisani wakaleta baiskeli kumi na mbili za gia, rangi ya bluu. Namba nilizipaka mwenyewe kwa brashi, moja hadi kumi na mbili.

Na nikaweka utaratibu. Vituo kumi, kila kimoja na daftari lake, pengine dukani, pengine kwa balozi wa nyumba kumi. Askari akifika anasaini: jina, saa, dakika. Ukichelewa dakika tano unanieleza kwa nini. Pancha siyo sababu, kila baiskeli ina pampu na viraka. Wizi wa simu ukapungua, wakubwa wakafurahi, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele. Ndipo amri ikaja: baiskeli sita, kuanzia namba saba hadi kumi na mbili, zipelekwe Wilaya ya Kisarawe, kituo kidogo cha upande wa Maneromango, chini ya Koplo Mwanamvua. Nusu nzima ya baiskeli zangu! Hata jina lake nilikuwa silijui.

Baadaye nililijua, nikajua na mengine. Mwanamvua ni mtoto wa hapo hapo Maneromango, Mzaramo wa kuzaliwa na kukulia. Baba yake, Mzee Mwinyimadi, alilima mihogo na mikorosho, na msimu wa machungwa alikuwa anapakia matenga mawili kwenye baiskeli, anayasukuma kwenye mchanga ule mpaka Kisarawe mjini. Mtoto alijifunza baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu chini ya bomba, maana kwenye kiti hafiki. Watu wakamsema: mtoto wa kike anapanda baiskeli, kanga inapepea, huyu ataolewa na nani? Mzee akawajibu kwamba ataolewa na mwenye baiskeli. Alimaliza kidato cha nne, akaenda depo ya polisi Moshi, akapangwa Singida, akapangwa Mtwara. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, Khalfani, mtu mpole ambaye baiskeli hata hajui kuipanda. Kisha akaomba uhamisho arudi kwao. Nilipolisikia hilo nilicheka. Kwenye jeshi letu watu wanaomba kuondolewa Maneromango, yeye kaomba kupelekwa!

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa napokea nakala za madaftari yake, na roho yangu ilikuwa kwatu. Kilomita nane kwa saa nne! Vijana wangu Maili Moja kwa saa nne wanapiga kilomita thelathini. Nikasema huyu mama analala chini ya mkorosho, ngoja nikamkamate. Nikachukua pikipiki ya kituo, nikapita Mlandizi, nikapita Mzenga, vumbi mpaka kwenye meno, nikafika Maneromango bila kutoa taarifa.

Nikamkuta tayari yuko juu ya baiskeli, sare imenyooshwa, kiatu kinang'aa. Kapiga saluti safi. "Karibu Afande, twende wote." Nikapanda namba kumi, yeye namba tisa, tukaanza. Hatujamaliza mita mia mbili kashuka. Mbele ya nyumba kaketi bibi mmoja anamenya mihogo. Huyo ni Bi Shamsia, shangazi yake Mwanamvua, dada wa baba yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, ila goti hili. Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Wazima wote, wamekwenda shule."

"Na yule kuku wako aliyekuwa anaatamia?"

Kuku! Mimi nipo pembeni natazama saa. Dakika ya kumi na mbili wanazungumza habari za kuku. Halafu bibi, bila hata kuinua macho kwenye mihogo, anasema: "Alfajiri kapita mtu na mbuzi wawili, kama wa kwa Tunu wale. Kamba mpya. Nikasema, hee, huyu mbuzi kawanunua saa ngapi na soko halijafunguliwa?" Mwanamvua akauliza kaelekea wapi, bibi akaonyesha kwa kidevu. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemkamata yule mtu na mbuzi wote wawili, na Tunu mwenyewe alikuwa bado hajajua kama ameibiwa.

Watu wakafurahi, wakatupa na machungwa. Mimi roho iliniuma, jamani. Iliniuma kweli, sioni haya kusema. Maili Moja nina madaftari kumi, yamejaa saini mpaka kwenye jalada, na tangu nimeyaweka hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia habari ya kamba mpya. Wananiona napita wananyoosha mgongo, nikipita wanaendelea na yao. Huyu kashuka tu, kauliza goti. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nazungumza peke yangu kwenye pikipiki, namtukana kuku wa watu.

Kuanzia hapo kila nikienda kukagua narudi na donge. Watoto wanamkimbilia. Vijana wa bodaboda, ambao kwangu wanakula kona wakiniona, kwake wanasimama wenyewe na kumwambia nani kaleta pikipiki isiyo na kadi. Na mwenyewe hana majivuno! Angalau angejivuna ningepata pa kumshikia. Kila mara: "Afande, utaratibu huu wa daftari umetusaidia sana." Hapo ndipo ananimaliza kabisa.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, tukatangaziwa kuwa kutakuwa na msimamizi mmoja wa doria zote za baiskeli, Kibaha na Kisarawe. Cheo kinapanda, ofisi ipo mkoani, na baadaye wilaya nyingine zitaongezwa. Kamati ya watu watatu itakaa Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi na kupendekeza jina. Mwenyekiti wake ni Mrakibu Gregori, mtu wa Kilimanjaro aliyehamia kwetu mwaka jana, mzee wa maneno machache. Majina yanayotajwa ni mawili, langu na la Mwanamvua.

Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Uniti hii niliizaa mimi. Mke wangu Marselina alikwishawaambia wanakwaya wenzake wote, tena alikwishachagua na kitambaa cha siku ya sherehe. "Baba Brighton," akaniambia, "safari hii wakikuruka nitakwenda kuwauliza mwenyewe." Nikamwambia hawawezi kuniruka. Lakini chooni, jikoni, kitandani, nilikuwa naliona jina la yule mama limeandikwa juu ya jina langu.

Alhamisi kabla ya kamati nilikwenda Maneromango kukagua mara ya mwisho. Nikakuta msiba. Bi Shamsia kafariki alfajiri ile. Mwanamvua alikuwa zamu, amevaa sare, kaja msibani na baiskeli yake namba tisa kati ya kituo kimoja na kingine. Nikaenda kumpa pole, nikakaa mkekani na wanaume, tukaenda kuzika baada ya sala ya adhuhuri, tukarudi.

Ndipo akaingia Seif. Seif ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mtani wa ukoo wao akina Mwanamvua. Asiyejua utani wa misiba ya huku atadhani kichaa kaingia. Kajifunga kanga ya marehemu, anachechemea ua mzima kashika goti: "Mwanamvua, mletee bibi dawa ya goti, kaburini kuna ngazi!" Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akaja mbele yangu, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto. "Afande wa Kibaha! Huyu bibi katoka duniani bila kusaini! Lete daftari haraka, tuandike saa na dakika!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ikabidi nishikilie bega la jirani. Mzee wa watu kanichoma pale pale kwenye utaratibu wangu, na mimi sina mbavu.

Kisha akaiendea baiskeli namba tisa. Akapanda na kanga yake, akazunguka ua mara mbili anapiga kengele. "Hii imekuwa yangu! Mpwa wa marehemu akiitaka, siku ya kuanua tanga aje na jogoo mkubwa, si kifaranga!" Akatoka nayo njiani, kanga inapepea, watu wanapiga vigelegele. Mwanamvua alikuwa kasimama mlangoni, machozi yanamtiririka, anacheka. "Chukua mtani, chukua." Na huwezi kusema vingine. Mtani hakasirikiwi. Anachokichukua msibani unakwenda kukikomboa kwa utaratibu wake, na kitarudi, hakijawahi kupotea hata kijiko. Hiyo ndiyo kazi yake, kumfuta mfiwa machozi. Mwanamvua alimaliza doria ya siku hiyo kwa miguu na hakuona neno.

Nilirudi Kibaha. Nikaoga, nikala, nikakaa. Marselina akaniuliza habari za huko, nikamwambia kuna msiba. Nikaendelea kukaa. Lilikuwa linanirudia lile la ua mzima kucheka, na Mwanamvua katikati yao, wa kwao, anapendwa hata na watani. Mimi nikifa hapa Maili Moja nani atavaa shuka langu acheze? Watasaini kitabu cha rambirambi, basi.

Ijumaa asubuhi nikachukua karatasi, nikaandika. Naikumbuka neno kwa neno. "Siku ya Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, baiskeli ya Jeshi namba tisa ilichukuliwa na raia aitwaye Seif, mkazi wa Maneromango, mbele ya Koplo Mwanamvua aliyekuwa zamu na akiwa na sare. Koplo hakuchukua hatua yoyote. Hadi ninapoandika baiskeli haijarejeshwa." Isomeni mtakavyo, hamtakuta uongo. Kila neno ni kweli. Neno moja tu sikuliandika, neno mtani, na nililiacha kwa makusudi. Nikaipeleka mkoani mwenyewe, imefungwa, imeandikwa siri.

Nilidhani watamwita wamwulize tu, jina lake lichafuke kidogo, Jumanne ipite. Nasema kweli, nilidhani hivyo. Lakini mali ya serikali ni mali ya serikali. Jumamosi asubuhi likaenda gari na askari wasiomjua mtu pale, wakamkuta mzee Seif nyumbani kwake, baiskeli kaiegesha sebuleni, kaifunika kwa mkeka isipate vumbi. Wakambeba yeye na baiskeli. Akakaa mahabusu mpaka Jumatatu. Tanga likaanuliwa bila mtani. Bilali, konstebo wa kule, alinipigia simu kunieleza: jogoo walikwishamchinja, chungu cha Seif kikakaa pembeni hakuna aliyekigusa, na msiba mzima hakuna aliyecheka.

Jumatatu hiyo Mwanamvua akaja Maili Moja. Hakuja na sare. Kavaa baibui, kavimba macho, kasimama mbele ya meza yangu. Sikumkaribisha kiti, akakaa mwenyewe.

"Afande, kuna mtu kaniandikia," akasema. "Sijui nani, na sitaki kujua. Seif wamemwachia leo, lakini kesho kamati inanihoji kama nilishirikiana na mwizi."

"Nimesikia," nikasema.

"Mimi nikiwaeleza utani watasema natetea ukoo wangu. Watadhani nimetunga. Lakini wewe si Mzaramo, wewe ni mkubwa wangu, na ulikuwepo. Ulicheka pale, Afande. Nakuomba unisemee neno moja tu, kwamba ni desturi. Si kwa ajili yangu. Cheo sina haja nacho. Ni yule mzee. Wakiandika kuwa ni mwizi, Maneromango hakuna atakayefungua mlango kwa polisi tena, na mimi sitaweza kupita mbele ya nyumba yake."

Eti cheo hana haja nacho! Hapo ndipo aliponiudhi. Nikajiambia, anajifanya malaika kwenye meza yangu mwenyewe. "Nitaangalia, Koplo," nikamjibu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia Mungu anilipe.

Jumanne tukaingia. Wajumbe watatu, Mrakibu Gregori katikati, mimi na Mwanamvua tumesimama. Akaeleza vizuri, taratibu, bila kulia. Mjumbe mmoja akasema mambo ya mila hayamo kwenye kanuni za Jeshi. Mrakibu akanigeukia. "Sajenti, umekaa huku miaka mingi. Hili analosema ni desturi kweli?"

"Afande, mimi mtu wa Tukuyu," nikasema. "Mambo ya huku siyajui vizuri."

Akanitazama. "Huyajui?"

"Siyajui, Afande."

Mwanamvua alinitazama mara moja tu, halafu akatazama viatu vyake. Nilisubiri aseme, "Lakini ulikuwepo, ulicheka." Hakusema. Kwa nini hakusema? Angesema nikamchukia vizuri! Wakampa onyo la maandishi, wakamwondoa kwenye baiskeli, wakampeleka Kisarawe mjini akae kaunta. Mzee Seif hakushtakiwa, ila jina lake likabaki kitabuni. Na kwenye mapendekezo jina likabaki moja.

Marselina alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mimi nikala pilau. Nilikuwa na furaha, msidhani sikuwa nayo. Siku mbili nzima nilikuwa na furaha.

Kabla ya kusaini barua ya uteuzi ikabidi nizungukie vituo vyote, kwa hiyo nikarudi Maneromango. Nikapanda namba tisa, kwa makusudi kabisa, nikasema leo na mimi nitashuka, nitauliza magoti. Nikashuka nyumba ya kwanza. "Salama tu, Afande." Nyumba ya pili. "Salama tu, Afande. Mwanamvua hajambo?" Ya tatu, ya nne, ya tano. Wote adabu tele, wote salama tu. Hakuna aliyeniambia habari ya mbuzi wala kamba. Kila mlango wananipa salamu nimpelekee yeye. Nimekuwa tarishi wake!

Kwenye kona nikakutana na Seif anatoka shamba. Nikamsubiri anipige dongo. Nilijiandaa kabisa kucheka. Mzee akavua kofia, akainama kidogo. "Shikamoo, Afande."

Mtu wa miaka sitini na kitu ananiamkia mimi shikamoo! Mtani haamkii hivyo. Mtani anakutukana, anakuvuta sikio. Akavaa kofia yake akapita zake, nami nikasimama pale na baiskeli nimeishika kama nimeiiba mimi.

Jumatatu iliyofuata nikaitwa mkoani kusaini. Nimevaa sare mpya. Raudha, karani wa pale, akaniletea jalada langu mpaka ndani kwa Mrakibu Gregori. Barua ya uteuzi iko mezani, kalamu iko juu yake. Mrakibu hakunipa kalamu. Alinipa kwanza karatasi nyingine, mwandiko wa mkono.

"Hii ilifika wiki moja kabla ya kikao," akasema. "Ilikaa kwenye trei chini ya fomu za likizo. Nimeisoma leo asubuhi. Soma."

Ilikuwa ya Mwanamvua. Alikuwa anashukuru kwa kufikiriwa nafasi ya usimamizi, ila anaomba asipewe. Yeye ni mtu wa kukaa na watu wake, ofisi ya Kibaha hataiweza. "Naomba nafasi apewe Sajenti Lusajo. Doria hii ni yake. Ni mkali, lakini kazi anaijua kuliko sisi sote. Wala huku kwetu si mgeni. Msiba wa marehemu baba yangu watani walimchukulia viatu, akarudi Kibaha peku huku anacheka, na wiki iliyofuata alikuja na jogoo kuvikomboa. Wazee mpaka leo wanamtaja kama mtu wa nyumbani."

Nilisoma mara mbili. Ni kweli, walinichukulia viatu, miaka sita iliyopita. Hata sikujua kama yule marehemu ndiye baba yake, nilikwenda na wenzangu tu kama watu waendavyo kuzika. Sikujua kuwa kuna mtu huko anayenitaja. Masikio yakawa ya moto. Kumbe nilikuwa nagombea na mtu ambaye hakuwepo uwanjani. Ile nafasi niliyoipata kwa kumwuza mzee Seif, alikuwa amenipa bure, wiki nzima kabla. Na mnajua nilisikia nini moyoni? Si toba. Toba ilikuja baadaye. Nilisikia wivu! Wivu kuliko wa siku zote. Hata hili kanitangulia, hata cheo changu kinatoka mkononi mwake!

Mrakibu akasukuma kalamu, ikasimama katikati ya meza. "Nilikuuliza mara mbili mbele ya wenzangu. Nakuuliza ya tatu tuko wawili. Sajenti, utani wa Wazaramo unaujua, au huujui?"

Ningesema siujui, angefanya nini? Karatasi tu. Ningesaini, ningeondoka.

"Naujua!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa mpaka Raudha akachungulia mlangoni. "Naujua miaka ishirini! Nilikuwepo, nilicheka mpaka nikashika watu mabega! Na taarifa ile niliiandika mimi, na neno mtani nililiruka makusudi! Mchukueni basi, mpeni cheo chake, sikitaki cha kupewa na yeye!"

Msinisifu. Sikusema kwa wema, nilisema kwa hasira. Nisingeweza kukaa kwenye kile kiti kila siku na kujua nani kaniwekea.

Mrakibu aliivuta barua ya uteuzi, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. Akaniambia nisubiri nje. Onyo la Mwanamvua likafutwa wiki ile, jina la Seif likafutwa kitabuni, na Mwanamvua akarudi Maneromango kwenye baiskeli yake. Mimi nikafunguliwa jalada la nidhamu, ambalo mpaka leo halijaisha, na Marselina kakikunja kitambaa chake kimya kimya, jambo linalonitisha kuliko kama angesema.

Halafu wakamwita Mwanamvua mkoani. Mrakibu Gregori akamweleza yote, nani aliandika, kaandika nini, kaacha neno gani. Raudha alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema Mwanamvua alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wakamwuliza, sasa wewe hutaki, na huyu ndiye huyu, nafasi tumpe nani? Akasema, mpeni Lusajo, doria ni yake.

Jamani, mwanamke huyu ananitakia nini?